Sindano ya kushonea: kitu cha bei ya pipi kilichokula mapafu ya watu



Leo tuweke siasa pembeni kidogo, tuzungumzie sindano. Siyo ya hospitali, la hasha. Nasema ile ya kushonea, ambayo kila nyumba inayo na hakuna nyumba inayojua iko wapi siku inapohitajika! Machinga anakuuzia kikadi kizima chenye saizi zote kwa bei ambayo hata kubishana unaona aibu. Ikivunjika unatupa. Ikidondoka sakafuni, hofu yako ni mtoto asije akaikanyaga, wala hufikirii hasara.

Sasa hebu shika moja uitazame vizuri. Ncha yake ni kali na haipindi. Tundu lake ni dogo kuliko kichwa cha njiti ya kiberiti, lakini kingo zake ni laini kiasi kwamba uzi haukatiki. Mwili umeng'arishwa mpaka unateleza ndani ya kitambaa. Chuma chake ni kigumu, ila hakivunjiki ovyo. Mpelekee fundi chuma yeyote pale Gerezani, umwambie akutengenezee MOJA tu kwa tupa na nyundo. Atamaliza lini? Atakutoza shilingi ngapi? Mimi nadhani atakufukuza.

Kwa hiyo swali la leo ni dogo tu: kitu kigumu namna hii kutengeneza, kimekuwaje cha bei ya pipi? Nimekuwa nikisoma habari zake kwa muda sasa, na jibu lina mambo matatu. Kwanza, siri ilitoka mikononi mwa mtu mmoja ikawa ya wengi. Pili, kazi ilikatwakatwa vipande vidogo vidogo. Tatu, na hili ndilo lililonifanya nikae kuandika, kuna watu walilipa kwa mapafu yao.

ZAMANI SINDANO ILIKUWA MALI

Sindano ni ya kale kuliko jembe. Katika pango la Denisova, huko Siberia, wachimbuaji wa mambo ya kale walikuta sindano ya mfupa wa ndege ikiwa na tundu lake kamili, na umri wake unakadiriwa kuzidi miaka 40,000. Baada ya mifupa zikaja za shaba, kisha za chuma. Tundu la sindano lilikuwa linajulikana kiasi kwamba Injili na Qurani, vyote viwili, vimelitumia kuwa mfano wa njia isiyopitika, ngamia akiwa huku na tundu likiwa kule.

Lakini kujulikana ni jambo moja, kupatikana ni jambo lingine. Kuna mchezo wa kuigiza wa Waingereza uitwao Gammer Gurton's Needle, uliochapwa mwaka 1575. Kisa chake chote kinahusu sindano moja iliyopotea! Bibi wa kijijini alikuwa anatia kiraka suruali ya mtumishi wake, jina lake Hodge, mara sindano haionekani. Kijiji kinatibuka. Majirani wanasingiziana wizi, wanashikana mashati, kasisi anaitwa, afisa wa serikali anaitwa. Mwishoni Hodge anapigwa kofi la makalio, anaruka juu kwa maumivu. Kumbe sindano ilibaki kwenye suruali yake muda wote.

Watu walicheka, bila shaka. Lakini kichekesho hicho kiliwaingia kwa sababu walikuwa wanajua maana ya nyumba kuwa na sindano moja ya chuma na kuipoteza. Ukiigiza kisa hicho leo Mwananyamala, mtu atauliza kwa nini bibi asimtume mtoto dukani.

MTU MWEUSI WA CHEAPSIDE

Nyakati hizo sindano zilizosifiwa zaidi Uingereza ziliitwa sindano za Kihispania, za chuma cha pua. Waingereza wenyewe walikuwa hawajui kuzitengeneza. Sasa sikilizeni hii.

Mwandishi wa habari za kale za London, John Stow, aliyefariki mwaka 1605, aliacha maneno machache tu juu ya jambo hili. Anasema wakati wa Malkia Mary, yaani kati ya mwaka 1553 na 1558, alikuwapo mtu mweusi katika mtaa wa Cheapside, katikati ya London, aliyekuwa akitengeneza sindano nzuri za Kihispania, na hakukubali kumfundisha mtu yeyote kazi yake. Stow hakumpa hata jina. Kisha anaeleza kwamba Mjerumani mmoja, Elias Crowse, ndiye aliyewafundisha Waingereza kazi hiyo mnamo mwaka wa nane wa utawala wa Malkia Elizabeth wa Kwanza, ambao ni kama mwaka 1566.

Wapo wanaosoma habari hii wakamwona yule bwana kuwa ni mchoyo. Mimi simwoni hivyo. Mgeni katika mji wa watu, mji ambao kila kazi ya mikono ilikuwa na chama chake kinacholinda wenyeji, mtaji wako ni upi kama siyo kile ulichonacho kichwani? Siku ukiwafundisha vijana wa mtaa, kesho yake wanafungua karakana mkabala na yako. Mbona hata sisi tunao akina mama wanaouza urojo au vitumbua, ukiwauliza wanaweka nini wanacheka tu? Siri ya kazi ndiyo pensheni yao.

Ila hesabu yake iko hivi. Siri ikikaa kwa mtu mmoja, sindano inabaki kuwa ghali na mwenyewe akifa inakwenda naye. Siri ikitoka, fundi wa kwanza anapoteza bei yake, na watu wengine wote wanapata sindano. Baada ya Crowse kazi ilisambaa London. Ilipofika mwaka 1656 watengeneza sindano walikuwa wengi kiasi cha kupewa hati ya chama chao rasmi na Oliver Cromwell, na mwaka 1664 Mfalme Charles wa Pili akawapa hati nyingine. Chama chenyewe kipo London mpaka leo, ingawa siku hizi ni cha heshima na misaada zaidi.

REDDITCH, MJI WA SINDANO

Katika karne ya 17 na ya 18 kazi ilianza kuihama London ikaelekea vijijini, mbali na masharti ya vyama vya mjini. Sehemu iliyoshinda zote ni mji wa Redditch na vijiji vyake, kusini mwa Birmingham. Kulikuwa na sababu za kawaida kabisa: mto wa kuzungusha magurudumu ya maji, karakana za chuma za jirani, na familia nyingi maskini zilizokuwa tayari kufanya kazi nyumbani kwa malipo ya vipande.

Pale Redditch kuna kinu kinachoitwa Forge Mill. Mwanzo kilikuwa cha kufulia chuma, na mnamo mwaka 1730 kikageuzwa kuwa cha kusugulia sindano kwa nguvu ya maji. Mwaka huohuo wa 1730 ndio unaotajwa kuwa mwanzo wa kampuni ya Henry Milward, jina ambalo mafundi wengi wamewahi kulisoma kwenye pakiti za sindano. Kinu kilifanya kazi mpaka mwaka 1958, na tangu mwaka 1983 ni makumbusho. Ilipofika karne ya 19 inakadiriwa kwamba sindano 9 katika kila 10 zilizotumika duniani zilikuwa zinatoka eneo hilo dogo. Yaani mshonaji popote alipo, Bombay, New York au Zanzibar, uwezekano mkubwa ni kwamba sindano yake ilipita kwenye mikono ya watu wa Redditch.

Na mikono ilikuwa mingi kweli! Mwaka 1776 Adam Smith alieleza kiwanda kidogo cha pini: watu 10 wakigawana kazi wanatoa pini 48,000 kwa siku, wakati mtu mmoja peke yake asingefikisha hata 20. Sindano ilikuwa ngumu kuliko pini, maana pini haina tundu, na haihitaji chuma kigumu namna ile. Hatua zake zilikuwa karibu 30. Sitazitaja zote, nawapa zile kubwa:

1. Waya wa chuma cha pua unakatwa vipande, kila kipande urefu wa sindano MBILI.

2. Maelfu ya vipande vinafungwa kwa pete mbili za chuma, vinapashwa moto mpaka vinakuwa vyekundu, kisha vinaviringishwa huku vikigandamizwa mpaka vinanyooka.

3. Vinanolewa ncha, mwanzo na mwisho. Hapa ndipo penye kisa, nitaparudia.

4. Katikati ya kila kipande panagongwa chapa ya matundu mawili, halafu mashine ndogo ya mkono inayatoboa. Kutoboa kulikuwa mara nyingi ni kazi ya wanawake na watoto.

5. Vipande vinatungwa kwenye nyaya mbili nyembamba zinazopita kwenye matundu, mfano wa mishikaki. Mabaki ya chuma pembeni yanapigwa tupa, mshikaki unavunjwa katikati, na hapo kila kipande kinakuwa sindano mbili.

6. Zinapashwa moto tena na kuzimwa kwenye mafuta ili ziwe ngumu. Kisha zinapashwa moto wa kiasi ili zisivunjike kama kioo.

7. Zinafungwa kwenye turubai pamoja na sabuni na unga wa mawe makali ya kusugulia, makumi ya maelfu kwa furushi moja. Furushi linaviringishwa huku na huko na mashine ya gurudumu la maji, usiku na mchana, hata kwa wiki nzima. Ndiyo maana sindano inang'aa.

8. Zinaoshwa, zinakaushwa kwenye unga wa mbao, zinapangwa, zinafungwa kwenye karatasi.

Hiyo ya kupanga nayo ina ufundi wake. Sindano zikitoka kwenye kusuguliwa, nusu zimelala kichwa huku, nusu kule. Utazitenganishaje bila kupoteza siku nzima? Charles Babbage, yule mtaalamu wa hesabu anayesifiwa kwa kubuni mashine za mwanzo za kukokotoa, alieleza mbinu yake katika kitabu chake cha mwaka 1832. Mtoto anavaa kitambaa kwenye kidole cha shahada, anachukua sindano chache kwenye fungu na kuzigusa mwishoni taratibu. Zile zilizoelekeza ncha kwake zinachoma kitambaa na kunasa, anazivuta zote kwa pamoja. Zilizoelekeza kichwa zinabaki. Basi! Kitambaa kimoja na kidole kimoja, kazi inakwenda kwa kasi ya ajabu. Lakini msisahau kwamba kidole hicho ni cha mtoto.

WANOAJI WA NCHA

Sasa turudi hatua ya tatu.

Mnoaji alikuwa anakaa mbele ya jiwe la kunolea linalozunguka kwa kasi. Anashika vipande kadhaa vya waya kwa pamoja, hata 50 au zaidi, anavibana kati ya viganja, anavizungusha kwa dole gumba huku ncha zikigusa jiwe. Vyote vinachongoka kwa pamoja. Siyo kazi ya mtu yeyote, inataka mkono wenye akili. Na jiwe lilikuwa KAVU. Mafundi wa visu waliweza kunoa kwa jiwe lenye maji na vumbi likazama, lakini sindano ni nyembamba mno, maji yangezitia kutu. Kwa hiyo cheche na vumbi la chuma na la jiwe vilikuwa vinaruka moja kwa moja kwenye uso wa mnoaji, saa nzima, siku nzima.

Mwishoni mwa karne ya 18 daktari wa mji wa Worcester, jirani na Redditch, jina lake James Johnstone, aliandika kuhusu ugonjwa wa kifua aliouona kwa wanoaji wa sindano. Wanaanza na kikohozi, wanakonda, wanatema makohozi yenye damu, na ni wachache waliofikisha umri wa miaka 40. Leo tunajua ni nini. Ni silikosisi. Vumbi laini la mawe linaingia ndani kabisa ya mapafu, mapafu yanaota makovu, na kovu halirudi kuwa pafu. Na aliye nayo anashikwa na kifua kikuu kwa urahisi kuliko mwingine.

Watu wa Redditch hawakuhitaji daktari kuwaambia. Walikuwa wanawazika. Na waajiri walijua pia, ndiyo maana wanoaji walilipwa kuliko wafanyakazi wengine wote wa sindano. Kijana wa kunoa alikuwa na pesa mfukoni wakati wenzake wanahesabu senti. Wanoaji walisifika kwa kunywa na kutumia bila kuweka akiba. Wahubiri waliwasema sana. Lakini jamani, mtu anayejua kwamba miaka 40 hataifikisha, akiba anamwekea nani?

BARAKOA ILIYOKATALIWA

Mnamo mwaka 1821 bwana mmoja wa Sheffield, J. H. Abraham, alibuni kifaa cha kuvaa mdomoni chenye sumaku, ili vumbi la chuma linase kabla halijaingia kifuani. Chama cha kuendeleza ufundi cha London kikampa medali ya dhahabu. Magazeti yakasifu. Wanoaji wa sindano wakakataa kukivaa!

Ukisimulia habari hii watu husema haraka: wajinga hao. Taratibu, ndugu zangu. Walikuwa na hoja, na ni hoja chungu. Mshahara wao mkubwa ulitokana na hatari. Kazi ikiwa salama, kila kijana wa kijijini ataitaka, na mwajiri atashusha malipo mpaka yalingane na ya wengine. Walichokuwa wanauza kwa kweli kilikuwa miaka ya mwisho ya uhai wao, na mtu ametokea na kifaa cha kuiondoa bidhaa hiyo sokoni bila kuwapa kitu badala yake. Hakuna aliyewaambia: vaeni hiki, na mshahara utabaki palepale. Angetokea mtu wa kutamka hivyo, mimi naamini wangesikiliza.

Na kuna jambo lingine ambalo leo tunaliona vizuri. Sumaku inakamata chuma, haikamati jiwe. Muuaji mkubwa alikuwa vumbi la jiwe. Kwa hiyo hata wangekivaa, kifaa kile kingewasaidia nusu tu, au chini ya hapo.

Dawa yenyewe ilikuwa nyingine: kulinyonya vumbi palepale linapotokea. Katikati ya karne ya 19 viwanda vilianza kuweka feni na mabomba ya kunyonya vumbi kwenye mawe ya kunolea. Baadaye zikaja mashine za kunoa ncha zenyewe, waya unaingia upande mmoja unatokea mwingine umechongoka, na kufikia mwisho wa karne hiyo mnoaji wa mkono alikuwa anaondoka kwenye historia. Mapafu yakapona na mshahara ule mnono ukaisha, yote kwa pamoja. Wanoaji walikuwa wamelibashiri hilo.

Kwa hiyo tunaposema sindano "ilishuka bei kwa sababu ya mashine", tunasema nusu ya kisa. Kwa zaidi ya miaka 100 kabla ya mashine ya kunoa kuja, sindano ilikuwa tayari rahisi, ikimwagika dunia nzima kwa mamilioni, na ncha zote zilitoka mkononi mwa mtu aliyekuwa anakohoa.

CHEREHANI INAKUJA

Wengi wangetegemea cherehani iue sindano. Ikawa kinyume chake. Mwaka 1846 Mmarekani Elias Howe alipata hataza ya cherehani iliyotumia sindano yenye tundu karibu na NCHA badala ya kichwani. Huo ndio ufunguo wa cherehani zetu zote. Sindano ya mkono lazima ipite kitambaa nzima nzima. Ya cherehani inachungulia tu, inapeleka uzi upande wa chini, inarudi juu. Isaac Singer alifuata na mashine yake mwaka 1851, na jina lake sina haja ya kuwaeleza, maana kuna nyumba huku kwetu cherehani yoyote ni "Singa" hata kama imeandikwa Butterfly.

Sindano ya cherehani inakubali makosa kidogo sana. Ikipinda hata kwa unywele, inaruka mishono au inavunjika. Kwa hiyo viwanda vilibidi vitengeneze kila moja ikiwa sawasawa na nyenzake, na hapo Wajerumani, hasa wa Aachen na sehemu nyingine zenye ufundi wa siku nyingi, wakawa wapinzani wakubwa wa Redditch.

Kwa faida ya wasomaji wanaoshona, hapa kuna jambo linalowachanganya wengi. Kwenye sindano za MKONO, namba ikiwa kubwa sindano ni nyembamba. Namba 10 ni nyembamba kuliko namba 5. Kwenye sindano za CHEREHANI ni kinyume, namba ikipanda sindano inanenepa. Ukiona imeandikwa 90/14, ile 90 ni unene kwa sehemu za mia za milimita, yaani milimita 0.9, na 14 ni namba ya mtindo wa zamani kwa saizi hiyohiyo. Vitambaa vyepesi chukua 70 au 80, kitenge cha kawaida 80 au 90, jinsi na turubai 100 au 110. Fundi anayevunja sindano kila siku, mara nyingi anashonea jinsi kwa sindano ya kitambaa laini. Asiisingizie cherehani bure!

SIRI INAHAMA TENA

Redditch nayo haikubaki na ufalme wake. Vijana waliojifunza chuma kwenye sindano wakageukia ndoano za samaki, springi na baiskeli. Mnaijua pikipiki ya Royal Enfield? Mizizi yake iko kwenye kiwanda cha sindano cha George Townsend, hapohapo Redditch. Kiwanda cha sindano kikaingia kwenye baiskeli, baiskeli zikazaa pikipiki, na kuanzia mwaka 1955 pikipiki hizo zikaanza kuunganishwa Madras, India. Leo Royal Enfield ni ya Wahindi.

Sindano zenyewe zilifuata njia hiyohiyo. Mwaka 1949 kampuni ya sindano ya Studley, jirani na Redditch, ilianzisha kiwanda huko Ketti, kwenye milima ya Nilgiri, kusini mwa India. Kiwanda kile kikaja kuwa cha Wahindi, na sindano zake za chapa ya Pony zinauzwa nchi nyingi. Halafu China nao wakaingia kwa kishindo, ndio wanaojaza vikadi vya machinga wetu.

Yaani siri ile ya Cheapside, ambayo mwenyewe alikataa kuitoa, imezunguka dunia. Hispania, London, Redditch, Aachen, Ketti, China. Kila ilipohama, bei ilishuka na waliokuwa nayo mwanzo walilia. Nawaachia wachumi wetu wajiulize kwa nini haijatua kwetu, wakati cherehani ziko kila kona, na Zanzibar na Lamu kuna watu wanaoshona kofia kwa mkono kwa wiki nyingi, vitundu maelfu kwa kofia moja, wote wakitegemea sindano ya kuagiza.

VUMBI LILE LIPO

Msidhani habari ya wanoaji ni ya kale iliyokwisha. Miaka ya 2000 ilitokea fasheni ya jinsi zilizopauka mapajani, zinazoonekana kama zimevaliwa miaka 10. Njia mojawapo ya kuzipausha ilikuwa kuzipulizia mchanga kwa hewa ya nguvu. Uturuki, vijana waliofanya kazi hiyo kwenye karakana ndogo zisizo na hewa walianza kukosa pumzi. Madaktari wakapima, wakakuta silikosisi, ugonjwa uleule wa Redditch, kwa watu wa umri wa miaka 20 na kitu. Mwaka 2009 serikali ya Uturuki ikapiga marufuku kazi hiyo. Na jinsi za namna ile zilivaliwa dunia nzima, mpaka tukazigombania kwenye marobota ya mitumba. Tulivaa bila kujua.

Huku kwetu tunao wa kwetu. Wachimbaji wa tanzanite Mirerani wanatoboa mwamba kwenye mashimo membamba, na silikosisi inawapata. Hospitali ya Kibong'oto kule Siha, Kilimanjaro, inawajua wagonjwa hao vizuri. Waponda kokoto nao wanavuta vumbi kutwa nzima, wengine wakiwa na watoto mgongoni. Na ukiwauliza wengi kwa nini hawavai kinga utasikia maneno ambayo mnoaji wa Redditch angeyatambua mara moja: inapunguza kasi, nalipwa kwa kipande, na nikilalamika yupo mwingine anayesubiri nafasi yangu.

Ndiyo maana nasema hotuba ya "vaeni barakoa" peke yake haitoshi. Ilishindwa mwaka 1821 hata ikiwa na medali ya dhahabu. Kilichowaokoa watu kilikuwa kuliondoa vumbi lenyewe, kwa feni, kwa maji panapowezekana, kwa mashine, na gharama yake ikamwangukia mwenye kiwanda. Maji kwenye mashine ya kutobolea mwamba siyo teknolojia ya mwezini. Ni bomba na tangi.

Basi ndugu zangu, kama kwenu kuna mzee au kijana aliyefanya kazi machimboni, kwenye kokoto, saruji au katani, mwulizeni leo habari za kifua chake, na kama aliwahi kupimwa. Halafu mtuandikie hapa chini alivyosema. Majina ya watu msiweke, wekeni kazi aliyofanya na miaka aliyoifanya. Inatosha.